Gia ya Pili

Bavyaa, au sijui nikuite nani sasa,
maana talaka ina mhuri na saini ya karani
lakini haina ukurasa unaosema
mzee Jumberi ni nani kwangu.
Jumanne ile ulikuja saa moja asubuhi, ukapiga honi mara mbili.
Niva ya kijani, kioo cha nyuma kimeshikwa na utepe,
harufu ya petroli na ya matufaha yaliyosahauliwa chini ya kiti.
"Shuka," ulisema. "Vaa viatu visivyo na kisigino."

Miaka kumi na mmoja nilikaa upande wa abiria.
Zaza akishika usukani,
mimi nikishika mkoba, mtoto, mwavuli, ulimi.
Mikono yako ni ya unga, Eteri, alikuwa akisema,
si ya chuma.
Meza nzima ilicheka. Nami nilicheka.
Na wewe pia, usikane:
ulikuwa na kipande cha mchadi mdomoni
ukacheka mpaka ukapaliwa.

Klachi. Taratibu. Siyo hivyo. Tena.
Kutaisi ilikuwa bado inapiga miayo,
mvuke wa Rioni umelala juu ya daraja.
Gia ya kwanza ilikubali.
Ya pili ilikoroma kama mtu aliyeamshwa kwa teke.
Kwenye mwinuko wa kwenda Tskaltubo gari likazimika,
likaanza kurudi nyuma polepole,
na gari la mikate nyuma yetu likapiga kelele za ulimwengu mzima.
Ukashuka. Ukasimama katikati ya barabara
na kofia yako ya sufi, mkono juu,
miaka sabini na mitatu, goti moja bovu,
ukawazuia wote kama askari wa zamu.
Nililia. Hukuona, au ulijifanya huoni.
Uliporudi ulifuta kioo kwa kiwiko, ukasema, bila kunitazama:

"Usiku ule Nanuli alijua njia ya hospitali.
Hakujua gari.
Gari lilikuwa uani.
Funguo zilikuwa mfukoni mwangu, nami nilikuwa Batumi, harusini."

Basi. Hukuongeza neno.
Ndipo nikaelewa kwa nini hadi leo
unapopita ua ule huweki mikono mfukoni.

Simu yako ikatetemeka: Zaza, kutoka Wrocław,
huko anakoendesha malori ya watu wengine.
Uliitazama kama mtu anavyotazama bili.
"Niko darasani," ukamwambia. Ukakata.
Nikakanyaga, nikavuta, nikaachia,
na gia ya pili ikaingia
laini, kama kisu kwenye jibini.
Hukunisifu. Ulitafuta pa kuweka mikono yako,
huku, kule, juu ya dashibodi,
mwisho ukauchukua mkoba wangu
ukaupakata.

Nikiegesha mbele ya nyumba niligonga pipa la taka.
Maganda ya viazi, chupa, kitabu cha hesabu cha Mzia
ambacho alinihakikishia kimepotea shuleni.
Uliliinua pipa. Ulikagua bampa kwa kidole.
"Kesho," ulisema, "tutajifunza kurudi nyuma."
Nilitaka kukuambia hiyo ninaijua, mzee,
hiyo tu ndiyo ninayoijua,
lakini ulikwisha geuka, unakwenda zako kwa miguu,
goti lile, lami yenye barafu,
na funguo umeziacha zikining'inia pale pale,
bado zinacheza.

Ulifika kwenye kona ya duka la dawa
na mkoba wangu mwekundu kwapani.
Nikateremsha kioo. Nikafungua mdomo.
Bavyaa halikutoka. Mzee halikutoka. Baba
lilifika kwenye meno likakaa.
Nikapiga honi.
Mara mbili.

Ukageuka.